Kapasita ya Mlangoni



Wahitimu, nimekuja na kitu kidogo mfukoni. Ni kapasita, imevimba kichwa. Niliitoa kwenye chaja ya simu niliyomtengenezea dereva wa bajaji hapa Buguruni sokoni. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 470, volti 25. Betri ya bajaji yake ni ya volti 12, nikaona inatosha na ziada. Haikupita miezi miwili akanirudishia: “Fundi, inanuka.”

Nilikuwa nimesoma namba mbili, ya tatu sikuiuliza. Regulata ya swichi inayoshusha volti ndani ya chaja, kama hizi LM2596 mnazozifahamu, hainywi umeme taratibu. Inawaka na kuzima mara 150,000 kwa sekunde, na kila ikiwaka inataka ampia 2 kwa mkupuo. Waya mrefu wa kutoka kwenye betri hauwahi kuitika. Anayeitika ni kapasita ya mlangoni, upande umeme unakoingilia. Ukishusha volti 12 kuwa 5 kwa mzigo wa ampia 2, mkondo wa karibu ampia 1 unakupwa na kujaa ndani yake bila kupumzika. Ukinzani wake wa ndani ukiwa nusu omu, umewasha nusu wati ya joto ndani ya kikopo kidogo kuliko kidole, kwenye bajaji, Dar es Salaam, mwezi wa Februari! Na kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita ya aina hii unakatika karibu nusu.

Kwa hiyo mkienda Kariakoo kutafuta spea, ulizeni namba ya tatu: inastahimili kiasi gani cha mkondo huo wa kupwa na kujaa, yaani mkondo wa mawimbi. Muuzaji asipojua, someni maelezo ya kiwanda kwenye simu kabla ya kulipa. Chukueni inayostahimili joto la nyuzi 105, acheni ya 85. Pembeni yake wekeni ya seramiki, iguse karibu miguu ya chipu. Kwa mpigo wa kasi hiyo, hata sentimita 2 za shaba ni safari. Seramiki nayo ina siri: ya mikrofaradi 10, ikikaribia kikomo chake cha volti, inaweza kubaki na nusu tu. Ila ya kikopo msiiondoe, ndiyo inayotuliza mruko wa volti dereva anapochomeka waya.

Hii iliyovimba nawaachia. Anza wewe binti wa mbele, ipokee, inuse, mpe mwenzako.