Msiwafokee Waliochelewa

Wahitimu wetu, najua mashada ya plastiki yanawachoma shingoni na pilau inanukia, kwa hiyo sitawachosha.

Wengi wenu mtapangiwa zahanati za vijijini. Ataingia mama kambeba mtoto anayehema kwa shida, homa siku ya nne. Ulimi utakuwasha umuulize: "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Uzuie. Siku ya kwanza alimpa vidonge vilivyobaki kwa kaka yake. Ya pili alizunguka kukopa nauli. Ya tatu alimsubiri mumewe arudi kibaruani. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure, na ni sera njema. Ila mwenye bodaboda hajaisoma. Na dawa zikiwa zimekwisha dirishani kwenu, mama huyo ataenda duka la dawa kununua nusu dozi, kwa kuwa ndiyo anayoimudu.

Bima? Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwangu mimi niliyevaa suti hii, si kitu. Mkulima wa huku anazo Julai, akishavuna. Februari, ghala tupu na malaria imebisha hodi, hana. Basi anayeandikisha wanachama apite wakati wa mavuno!

Wala kikwazo si fedha tu. Tazameni Kongwa, hapa hapa Dodoma. Ugonjwa wa vikope umepofusha watu huko kwa vizazi, wanawake zaidi, maana ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Dawa ipo, na kunawa uso ni kinga. Lakini mama anayefuata maji mbali kwa mguu, ukimwambia awanawishe watoto kila siku, ataitikia "sawa, daktari" na hatafanya. Ndoo hiyo hiyo ni ya kupikia, kunywa na kunywesha ndama. Mwonyeshe jinsi maji ya kikombe yanavyoweza kunawisha nyuso kadhaa. Mwite na baba aone, maana mara nyingi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya ndoo hiyo.

Na kabla ya kumwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi, muulize mnada wa kwao ni siku gani. Siku hiyo magari yapo, na huenda ameuza kuku.