Tundu la Plagi Likiharibika, Boti Isibebe Watu

(Mazungumzo na manahodha, wavuvi na mafundi wa boti)



Kaunti yetu ya Lamu ina visiwa vingi. Mgonjwa kutoka Faza anayeletwa Hospitali ya King Fahd hapa Amu, mwanafunzi, mfanyabiashara, samaki wa Kizingitini: wote wanategemea injini ya boti. Kwa hivyo leo tuzungumzie tundu dogo ambalo katika injini zetu nyingi lina upana wa milimita 14 tu. Ni tundu la plagi.

Kichwa cha silinda ni cha alumini, na alumini ni laini. Plagi ni ya chuma. Ukiingiza plagi ikiwa imekaa upande, kisha ukailazimisha kwa spana, chuma kitakula alumini. Meno ya tundu, ambayo mafundi huyaita thredi, yanalika na plagi haikazi tena. Injini hupoteza nguvu, husikika ikifoka, na weusi wa mafuta huonekana kando ya plagi. Mwishowe plagi inaweza kuchomoka injini ikinguruma, na mvuke wa petroli ukatoka nje. Hapo boti imezimika kwenye mawimbi ya Kusi, na watu wamo ndani.

Wako wanaozungushia plagi utepe au kuipaka gundi. Tafadhali tuache. Utepe na gundi havistahimili joto na msukumo wa ndani ya silinda.

Njia ya sawa ipo. Kwanza, tundu likaguliwe. Ikiwa meno ni mazima ila yamejaa masizi, husafishwa kwa kifaa cha kusafishia thredi. Ikiwa yamelika, fundi hupanua tundu, hukata meno mapya, kisha hutia bushi ya chuma ambayo ndani yake ina meno ya kipimo cha plagi ileile. Bushi iliyotiwa vizuri huwa imara kuliko alumini ya mwanzo. Lakini ikiwa kichwa kimepasuka, kibadilishwe.

Mwenye boti, usimharakishe fundi. Kichwa cha silinda kifunguliwe kwanza, kwa sababu vipande vya alumini vikianguka ndani vitakwaruza silinda na pistoni. Kikirudishwa, kiwekewe gasketi mpya.

Kinga ni rahisi zaidi:

- Ngoja injini ipoe kabla ya kufungua plagi.
- Futa mchanga na chumvi kando ya plagi.
- Anza kufunga kwa vidole. Ikigoma, irudishe nyuma uanze upya.
- Ikishakaa, plagi mpya huhitaji spana robo hadi nusu ya mzunguko, si zaidi, isipokuwa kitabu cha injini kiseme vingine.
- Nunua plagi ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Yenye meno marefu kupita kiasi inaweza kugonga pistoni.

Baada ya matengenezo, ijaribuni boti karibu na ufuo bila abiria. Safarini chukueni plagi ya akiba, spana, kasia na nanga. Nanyi abiria, msiingie botini kabla ya kupewa jaketi la kuokoa maisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna mahali pa kujenga.