Sifuri hii ni ya nani?

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka

 Mmetuomba tuseme juu ya shule. Hatutasema juu ya majengo, maana hayo kila mtu anayaona. Tutasema juu ya biki nyekundu, na kile inachoandika ndani ya kaye ya mtoto.

Tuanze na kaye moja. Ni ya kijana wa miaka 11 hivi. Alikuwa anasoma shule ya serikali upande wa Kigoma, kisha mama yake akarudi naye nyumbani. Mwalimu alitoa hesabu: gawanya 936 kwa 4. Mtoto akaandika 4 upande wa kushoto, 936 ndani, na jibu, 234, akaliweka juu. Ndivyo wanavyofundishwa Tanzania. Kwetu Congo, 4 inakaa kuume, tunapiga mstari, jibu linaandikwa chini yake. Mwalimu akaona kitu asichokijua, akapiga msalaba. Sifuri.

Chini kidogo, mtoto aliandika elfu moja mia tano hivi: 1,500. Kule Tanzania mkato ule unatenga maelfu. Hapa kwetu mkato ni wa desimali, kwa hiyo mwalimu alisoma moja na nusu. Sifuri ya pili.

Mwalimu yule si mtu mbaya. Alisahihisha sawa na vile yeye mwenyewe alifundishwa. Na mtoto si mjinga, 234 ndiyo jibu. Basi sifuri ile ni ya nani?

Tangu meli za kwanza za kurudisha wakimbizi zilipotoka Kigoma mwaka 2005, watoto wanaoingia shule zetu hawatoki njia moja. Kuna waliosoma Nyarugusu kwa programu ya Congo, lakini Kifaransa chao kilibaki ubaoni. Nje ya kalasi waliishi kwa Kiswahili na Kibembe. Kuna waliosoma shule za Watanzania, fasi somo lote la msingi linatolewa kwa Kiswahili na lilikuwa linaenda mpaka darasa la saba. Kuna waliotoka Burundi. Na kuna wale ambao hawakuvuka mpaka, walikimbia kutoka kijiji hadi kijiji, wakapoteza miaka kabisa. Wote hao wanafika siku moja mbele ya direkta mmoja, naye anauliza: huyu nimweke kalasi ya ngapi?

Hapa tuungame kosa letu. Mwanzoni sisi ndio tuliosaidia kupanga watoto, na tulitumia karatasi moja ya maswali, kwa Kifaransa, sawa kwa wote. Aliyeshindwa kusoma swali alionekana hajui hesabu. Tuliwashusha watoto kalasi mbili, wengine tatu, na kwenye ripoti tukaandika kwamba wamepangwa vizuri. Msichana mmoja wa miaka 13 tulimweka kalasi ya pili, pamoja na watoto wa miaka 7. Alikaa kwenye benchi magoti yakigusa kidevu. Majuma machache tu, akaacha. Tulipomfuata tulimkuta ufukoni anauza ndagala. Alipima mafungu, alirudisha chenji ya watu watatu kwa mara moja bila kukosea hata faranga. Mama yake akatuambia: «Ninyi njo mulisema hajue kuhesabu.» Hatukuwa na jibu. Yule msichana hakurudi.

Kuanzia hapo tulibadilisha namna ya kazi. Si mambo makubwa, na mengi walimu wenyewe ndio waliotuonyesha.

Jambo la kwanza: mtoto akifika, tunazungumza naye kwanza kwa lugha anayoijua. Tunamwomba asome mistari michache kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Tunampa hesabu, tunamwambia: tuelezee ulivyofanya. Halafu mwalimu anaandika fasi mbili: anachokijua, na lugha anayokijulia. Inachukua kama nusu saa kwa mtoto mmoja. Nusu saa hiyo inaweza kumwokolea miaka miwili. Na kama umri umekwisha pita sana, kuna vituo vya kukamata masomo, vinavyofundisha miaka 6 ya msingi kwa miaka 3. Huko mtoto mkubwa anakaa na wakubwa wenzake. Msichana wetu tungempeleka huko tangu siku ya kwanza.

Jambo la pili: kutochanganya pointi. Interogasio ikiwa ya hesabu, tunapima hesabu. Kosa la Kifaransa linaandikwa pembeni, lisahihishwe saa ya Kifaransa. Walimu wengine waliogopa, wakidhani enspekta atawakamata. Lakini Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa zitumike katika kufundisha. Mwalimu anayefafanua kugawanya kwa Kiswahili havunji sheria.

Jambo la tatu: kupima kila siku kidogo kidogo, tusingoje mwisho wa kipindi. Mwalimu anauliza swali moja, watoto wote wanaandika kwenye vibao vyao vya mkononi, wanainua kwa mara moja. Kwa kutupa jicho anajua kama aendelee au arudilie. Pale ambapo vibao hakuna, tumeona mwalimu akitumia vipande vya karatasi ngumu ya maboksi na makaa. Na kaye zikisahihishwa, hatuishii kwenye namba. Mwalimu anatafuta kosa lililorudi mara nyingi, analifundisha upya asubuhi inayofuata. Pointi bila kurekebisha kosa inamfundisha mtoto kitu kimoja tu: yeye ni wa ngapi.

Direkta mmoja alitupinga mbele ya watu, na tunamheshimu kwa hilo. Alisema: «Mtihani wa taifa wa mwaka wa sita uko kwa Kifaransa. Mukizoesha watoto Kiswahili, munawaua.» Ana haki nusu. Mtihani ule, ambao wengi wetu bado tunauita TENAFEP, haumwonei mtu huruma. Kwa hiyo Kifaransa kifundishwe, tena kwa nguvu, lakini kifundishwe kama lugha: kusema, kusikia, maneno ya hesabu, nonante na septante, kabla ya kumwuliza mtoto swali kwa lugha hiyo. Kwa aliyefika akiwa kalasi ya sita, muda ni mfupi mno. Huyo anahitaji saa za nyongeza za mchana. Mbinu zetu peke yake hazimtoshi, na hatutawadanganya hapo.

Wala hatuwezi kusema haya bila kumtaja mwalimu mwenyewe. Tangu bure ya shule ya msingi ilipoanza 2019, jambo tulilolifurahia wote, kalasi zilijaa. Wako walimu wanaoitwa N.U., ambao serikali bado haijawaandika kwenye orodha ya mshahara. Mtu wa namna hiyo asubuhi yuko ubaoni, mchana yuko shambani. Tukimletea fomu tano mpya za kujaza, tunamwongezea mzigo tu. Ndiyo maana tulichagua mambo yasiyohitaji fomu.

Sasa maombi yetu. Kwa ninyi wanachama: familia mpya ikishuka, ulizeni kaye za watoto. Zisiwashiwe moto wa jikoni, hata zikichanika. Kaye ya zamani inamweleza direkta zaidi ya karatasi yetu ya maswali. Na yule kati yenu aliyesoma pande zote mbili aende na mzazi shuleni, aeleze kwamba huu mkato ni wa maelfu, huyu amegawanya sawa. Buletini ikifika nyumbani, tusiulize tu «umekuwa wa ngapi?» Tumwambie mtoto: nionyeshe ulichojifunza leo. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kuuliza hilo.

Kwa ninyi wafadhili: asante kwa mabenchi, watoto wanayakalia. Lakini mwaka huu tunaomba kitu ambacho hakipigiki picha. Tunaomba vibao vya mkononi, chaki, na pesa ya safari na ya chakula ili walimu wa shule jirani wakutane alasiri moja kila mwezi, kila mmoja na kaye za watoto wake, waulizane: kosa hili limetoka wapi? Na mnapotuandikia kuomba ripoti, msituulize tu ni watoto wangapi wameandikishwa. Tuulizeni wangapi wameacha, na sisi tulifanya nini.

Yule kijana wa 234 bado yuko shule. Mwalimu wake alimwita ubaoni, akamwambia aonyeshe namna yake, kisha yeye akaonyesha ya kwetu. Kalasi ikaona jibu ni moja. Sasa mtoto anagawanya kwa njia zote mbili, na kuna wenzake waliozaliwa hapa hapa ambao wamechagua ile ya Kigoma.