Sindano inayopita mikononi: maneno kwa familia zilizokimbia vita



Leo tunasema juu ya vijana wanaojidunga dawa za kulevya.

Mwaka jana kamati moja ilimfukuza kijana aliyekutwa na sindano. Sisi tulikuwapo, tukanyamaza. Tulidhani ndiyo amani. Kumbe wenzake walijificha zaidi, wala hakuna aliyekuja tena kupimwa.

Virusi vya Sida vinapitia katika damu inayobaki ndani ya sindano. Damu hiyo inaweza kuwa kidogo hata isionekane, na virusi vinaweza kuishi humo siku nyingi. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Mwaka 2005 watafiti walieleza jinsi wanawake wengine wa Dar es Salaam, wakiisha kujidunga, walivyovuta damu yao katika sindano na kumpa mwenzao asiye na pesa, wakidhani mna dawa ndani. Ni huruma, jamani, lakini huruma yenye kuua. Mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili mjini humo ilianza kuwapa watumiaji methadoni, dawa ya kunywa, ili waachane na sindano.

Basi viongozi, mkimkuta kijana, msimtangaze mkutanoni. Mtu anayemwamini amsindikize kituo cha afya. Aliyetumia sindano ya mwingine asingoje: dawa ya kinga huanzwa ndani ya saa 72. Na aliye na virusi, akimeza dawa kila siku, anaishi.

Kijana yule tunamtafuta bado. Mama yake yuko pamoja nasi hapa.