Karo na Mshahara

(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama katika mkutano wa tawi, Makupa)



Leo hatukuja kusema habari za saa za kazi wala malipo ya ovataimu. Twataka kusema habari za skuli, na mtu asiseme kwamba hiyo si kazi ya chama. Ikiwa nyongeza tuliyoipigania mwaka mzima yaingia mfukoni mwisho wa mwezi, na kabla ya tarehe tano imekwisha kutoka kwa karo, basi habari ya karo ni habari ya mshahara.

Simameni asubuhi penye mzunguko wa Makupa. Mtayaona mabasi ya manjano yakipita na watoto wa skuli za kulipia, na kando ya barabara mtawaona wengine wakienda kwa miguu skuli za serikali. Wote ni watoto wa mji mmoja, na pengine wa nyumba moja ya kupanga. Twauliza: baada ya miaka kumi na mitano, nani atakuwa ameketi ofisini, na nani atakuwa akingoja kibarua langoni Kilindini?

Wazee wetu waliliona jambo hili kwa sura nyingine. Wakati wa ukoloni skuli ziligawanywa kwa rangi na asili ya mtu. Hapa Mombasa, Allidina Visram ilikuwa ya Wahindi. Arab Boys, ambayo leo ni Khamis, ilikuwa ya Waarabu. Chuo cha MIOME kule Tudor kilijengwa kwa ajili ya Waislamu. Mzungu alikuwa na skuli zake mbali kabisa. Januari 1947, wafanya kazi kama 15,000 wa mji huu walipogoma, wengi wao walikuwa watu ambao hawakupewa nafasi ya kuketi darasani.

Baada ya uhuru milango ile ilifunguliwa. Tume ya Profesa Ominde ya mwaka 1964 ilitaka ubaguzi wa rangi uondolewe katika skuli. Leo Allidina Visram na Khamis ni skuli za umma, na MIOME imekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Milango hiyo haikufunguliwa na upepo. Ilifunguliwa kwa sababu watu walidai na nchi ikaamua.

Lakini ulipoondoka mlango wa rangi, ulibaki mlango wa fedha.

Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki iliondoa karo katika skuli za msingi. Kwa mwaka mmoja watoto walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Lilikuwa jambo la heri, na hatutaki mtu alitukane. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri ya watoto, na fedha za serikali zilikuwa shilingi 1,020 tu kwa mtoto kwa mwaka. Madarasa yakafurika. Wazazi waliokuwa na uwezo wakaanza kuwatoa watoto wao.

Angalieni ni nani waliotoka kwanza. Ni karani, ni mwenye duka, ni yule awezaye kuandika barua na kumwuliza mwalimu mkuu hesabu. Kwa hiyo skuli ya serikali haikupoteza mtoto peke yake. Ilipoteza na mdomo wa kuisemea. Na skuli isiyo na wa kuisemea huzidi kuharibika, na ikizidi kuharibika wengine nao hutoka.

Kisha tazameni nafasi zilivyogawanywa. Watoto wa skuli za binafsi walikuwa wachache katika mtihani wa darasa la nane, lakini walichukua sehemu kubwa ya nafasi katika skuli za kitaifa. Mwaka 2011 serikali iliweka kanuni ya kuzigawa kwa kadiri ya idadi ya watahiniwa wa kila upande. Wenye skuli za binafsi walilalamika kwamba mtoto anaadhibiwa kwa kufaulu. Neno hilo si la kutupwa, maana mtoto hakujichagulia skuli. Lakini yule aliyebanwa katika darasa la watoto themanini, yeye alijichagulia?

Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini jambo halikwisha. Katika mtaala mpya sekondari ya juu ina njia tatu, na njia ya sayansi yataka maabara. Penye skuli isiyo na maabara, njia hiyo ni maandishi ya ukutani tu.

Ndugu, hatumlaumu mzazi alipaye. Kila mtu amtakia mwanawe mema, na wengi wetu tuliomo humu twalipa. Lakini tujue twanunua nini. Mara nyingi karo ndogo ya skuli ya mtaani yawezekana kwa sababu mwalimu wake alipwa mshahara mdogo, wala hana chama. Machi 2020 skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, walimu wa serikali waliendelea kulipwa, lakini wengi wa skuli za binafsi walikwenda nyumbani mikono mitupu. Mwalimu huyo ni mfanya kazi kama sisi. Urahisi wa karo yetu usitoke jashoni mwake.

Basi twaomba mambo matatu.

Kwanza, tujue haki yetu. Katiba ya 2010 yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza skuli ya umma kutoza karo ya mafunzo, wala mtoto hafukuzwi kwa kukosa mchango mwingine. Na kila atoaye fedha apewe risiti. Mmoja wetu alirudishiwa mtoto nyumbani kwa fedha za mtihani, akanyamaza kwa aibu. Siku nyingine asinyamaze. Aje kwa chama.

Pili, sheria hiyo yatoa nafasi sita za wazazi katika halmashauri ya skuli ya umma. Twachagua wajumbe wa tawi kwa makini; tuwachague na hawa vivyo hivyo, hata yule ambaye mtoto wake yuko kwingine asaidie.

Tatu, walimu wasio na chama tuwaonyeshe njia ya kuingia chamani.

Mmoja wetu akimtoa mwanawe kwenye darasa baya, ameokoa mtoto mmoja. Tukilitengeneza darasa, tumewaokoa wote walioketi humo, na nyongeza yetu itabaki nyumbani.

Umoja ni nguvu.