Mji wa Chicago Ulivyoanza Kando ya Ziwa

Natumaini kila darasa limekwisha kaa tayari, na mwalimu ameandika ubaoni maneno matatu ya leo: ziwa, pori, hati. Mawili ya kwanza mnayajua. La tatu, hati, ni karatasi iliyoandikwa mapatano ya watu, kama vile mtu anapomwuzia mwenziwe shamba. Lishikeni neno hilo, maana bila ya hati moja habari ya leo isingalijulikana vizuri.

Tunataka kusema habari za mji wa Chicago, katika nchi ya Marekani. Mji huo uko kando ya ziwa liitwalo Michigan. Toka kusini hata kaskazini ziwa hilo lapata maili 300, na mtu akisimama ufukoni haoni ng'ambo. Aliyekwisha kuliona Ziwa Viktoria atafahamu mara moja, ila Michigan ni dogo kidogo, na wakati wa baridi kali maji ya ukingoni huganda yakawa magumu kama jiwe. Leo Chicago una watu zaidi ya milioni mbili na nusu. Lakini miaka 250 iliyopita palikuwa na mto mdogo wenye matope, na mchanga, na majani marefu, na vitunguu vya mwituni vyenye harufu kali. Hata jina la mji latokana na mmea huo, katika lugha ya wenyeji.

Vitabu vingi vya zamani vilisema kwamba mahali hapo palikuwa pori tupu, mpaka wageni walipokuja wakajenga. Neno hilo "tupu" mimi silikubali. Watu wa kabila la Potawatomi walikuwa wakikaa pande zile. Walilima mahindi, maharagwe na maboga, walivua samaki, tena walikuwa na vijiji vyao na njia zao. Njia hizo za miguu zilikanyagwa vizuri hata nyingine zikawa barabara za mji. Mtu akipita leo katika barabara ya Clark au ya Milwaukee, apita juu ya njia za watu hao.

Basi, kwa nini mji mkubwa uliota pale, wala si mahali pengine? Sababu ni maji. Mto Chicago ulikuwa ukiingia katika ziwa. Nyuma yake, mwendo wa maili chache tu, upo mto mwingine uitwao Des Plaines, ambao maji yake hayaji ziwani, bali hushuka mpaka mto mkubwa wa Mississippi, na huo huenda kusini hata baharini. Katikati ya mito hiyo miwili ni nchi tambarare yenye kinamasi. Wakati wa mvua nyingi mtu aliweza kupita na mtumbwi wake bila kushuka. Wakati wa kiangazi aliubeba begani, akautia tena majini upande wa pili. Kwa hiyo kila mwenye bidhaa alipita hapo. Na bidhaa kubwa ya siku zile ilikuwa ngozi za mnyama wa majini aitwaye biva, ambazo manyoya yake yalipelekwa Ulaya yakafanywa kofia.

Mtu wa kwanza kutoka nje aliyejenga nyumba ya kudumu mlangoni mwa mto ule alikuwa mtu mweusi. Jina lake Jean Baptiste Point du Sable. Alisema Kifaransa, akafanya biashara. Mkewe alikuwa mwanamke wa Kipotawatomi aitwaye Kitihawa, na kwa jina la ubatizo Catherine. Walizaa watoto wawili, Jean na Susanne. Mwaka 1788 walifunga ndoa ya kanisa mbele ya padre huko Cahokia, safari ya mamia ya maili kutoka nyumbani. Tusimpite mama huyu upesi. Kwa ajili yake du Sable alikuwa mkwe katika nchi ile, wala si mgeni tu. Mtu asiye na jamaa, katika nchi isiyokuwa na askari wala hakimu wake, angalimwuzia nani, na nani angalimlinda?

Hata hivyo hakukosa taabu. Wakati ule Waingereza na Wamarekani walikuwa wakipigana vita. Mwaka 1779 askari wa Kiingereza walimkamata, kwa kumdhania kuwa rafiki wa adui zao, wakampeleka katika ngome yao ya kaskazini. Lakini mkubwa mmoja wa Kiingereza aliandika habari zake, akasema kuwa ni mtu mweusi mwenye sura nzuri na elimu. Baadaye wakamwachilia, tena wakampa kazi ya kusimamia shamba lao la miti kwa muda wa miaka kadha. Ndipo akarudi Chicago.

Mwaka 1790 msafiri mmoja alipita pale akiwa na njaa ya safari. Alitoa kitambaa cha pamba, akapewa unga, nyama ya nguruwe, na mkate. Mkate! Huyu bwana hakungoja ngozi tu. Alipanda ngano, akaisaga, akaoka, akawauzia wapitao njia.

Sasa twafika kwenye hati. Mwezi wa Mei mwaka 1800 du Sable aliuza mali yake yote ya pale, akaondoka. Mnunuzi alikuwa Jean La Lime, na bei ilikuwa livre 6,000, ndiyo fedha ya Kifaransa ya siku zile. Mauzo hayo yaliandikwa, na hati ikapelekwa kuwekwa katika mji wa Detroit. Huko ilikaa miaka zaidi ya 100, mpaka ilipoonekana tena mwaka 1913. Ndani yake kila kitu kimeandikwa. Nyumba ya magogo, urefu wake futi 40 na upana futi 22. Mabanda makubwa mawili. Kinu cha kusagia nafaka kinachozungushwa na farasi. Nyumba ya kuokea mikate, nyumba ya maziwa, nyumba ya kukaushia nyama kwa moshi, nyumba ya kuku. Ng'ombe 30, nguruwe 38, kuku 44. Ndani ya nyumba mlikuwa na kabati kubwa lenye milango ya vioo, na vioo vya kujitazamia, na picha za ukutani.

Angalieni jambo hili. Kabla hati haijaonekana, watu waliokumbuka jina la du Sable walidhani alikuwa mwindaji tu mwenye kibanda. Heshima yote ilikuwa ya mfanya biashara mwingine, John Kinzie, aliyekuja kukaa katika nyumba ile ile mwaka 1804, na kwa muda mrefu akaitwa baba wa Chicago. Kinzie alikuwa mmoja wa mashahidi wa mauzo yale. Alijua vizuri nyumba imejengwa na nani.

Du Sable alihamia St. Charles, katika nchi ya Missouri, akafa huko mwaka 1818.

Huko Chicago mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1795 serikali ya Marekani ilikwisha pata kwa mapatano kipande cha ardhi mlangoni mwa mto, maili sita kwa maili sita. Mwaka 1803 ikajenga ngome, ikaitwa Fort Dearborn. Mwaka 1812 vita na Uingereza vilianza tena. Askari walipokuwa wakiihama ngome pamoja na wake zao na watoto wao, Wapotawatomi waliwashambulia kando ya ziwa, wakaua watu zaidi ya 50, na ngome ikachomwa moto. Ilijengwa tena mwaka 1816. Mwaka 1830 mpimaji alipima viwanja na mitaa. Mwaka 1833 mahali hapo pakapewa cheo cha mji, nao watu wake hawakuzidi 350.

Mwaka huo huo wa 1833 wakuu wa Wapotawatomi na jamaa zao waliitwa Chicago kutia alama zao katika mapatano mengine. Kwa mapatano hayo walitoa ekari zipatazo milioni tano, na kukubali kuhama ng'ambo ya mto Mississippi. Kwa hiyo, wanafunzi, hati yaweza kuhifadhi mali ya mtu, na yaweza pia kumwondoa kwake. Mwaka 1835, wakati wa kuondoka ulipokaribia, wanaume wao kama 800 walijipaka rangi nyusoni, wakashika silaha, wakacheza ngoma ya vita katika mitaa ya mji kwa mara ya mwisho. Wenye nyumba walichungulia madirishani kwa hofu. Hawakumgusa mtu. Kisha wakaenda zao magharibi.

Baada ya hapo habari ni za hesabu tu, nami sitakawia. Mwaka 1837 watu walikuwa wamepita 4,000. Mwaka 1848 mfereji ulichimbwa ukamalizika, maili 96, ukafuata njia ile ile ya mitumbwi, na mwaka huo gari moshi la kwanza likaanza kwenda. Mwaka 1850 watu walikaribia 30,000, na mwaka 1890 walizidi milioni moja.

Na du Sable? Waliomrudisha ni watu weusi wa Chicago wenyewe. Chama cha wanawake weusi kilifanya juhudi mpaka mfano wa nyumba yake ukawekwa katika maonyesho makubwa ya mwaka 1933. Mwaka 1968 jimbo la Illinois na mji wa Chicago walimkubali kuwa ndiye mwanzilishi wa mji. Na mwaka 2021 barabara kubwa ipitayo kando ya ziwa ikaongezewa jina lake. Jina la Kitihawa bado halisikiki sana.

Hapa tunaishia kwa leo. Kazi ya kuandika ni hii. Chukua daftari, uandike hati ya mauzo ya nyumba moja, nyumba yoyote uijuayo. Andika kwanza jina la mwuzaji na jina la mnunuzi. Chini yake andika kila kitu kilichomo, pamoja na hesabu yake: vyungu vingapi, mbuzi wangapi, milango mingapi. Andika bei na tarehe. Mwisho acha nafasi mbili za majina ya mashahidi, na uwaombe wanafunzi wawili wa darasa lako waisome kabla ya kutia majina yao. Mwalimu ataikusanya kabla ya somo la juma lijalo. Kwaherini.