Kijana Asiye na Kazi na Mzee Asiye na Kazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Husemwa kwamba hapa kwetu Palma watu hawana kazi, na neno hilo moja hutumiwa kwa wote. Mimi naona kukosa kazi kuna namna zake. Mvuvi akaaye barazani siku za kusi kali bahari imemfungia tu. Upepo ukitulia atashuka pwani. Huyo tusimlilie.

Fundi wa majahazi aliyetimiza miaka sitini hali yake ni nyingine. Mkono wake haukupungukiwa na ujuzi, ila mizigo iliyokuwa ikipakiwa majahazini sasa yaenda kwa malori, na kazi imemwacha. Kumwambia leo akajifunze kompyuta ni kumdhihaki.

Kijana, yeye, kazi ilimfikia kabla hajawa tayari. Gesi ya bonde la Rovuma iligunduliwa mwaka 2010, na kiwanda cha Afungi kikataka wachomeleaji, mafundi umeme na wasomao Kireno. Wetu walipata kufyeka na kubeba. Tena jambo hili wengi hawalisemi: kazi nyingi za mradi kama huo ni za ujenzi. Mtambo ukishasimama huendeshwa na watu wachache. Tazameni ule wa Coral Sul, uelaeo mbali baharini, ulioanza kupeleka gesi nje mwaka 2022, hauhitaji wapagazi.

Kisha yakatufika ya Machi 2021. Mji ulishambuliwa, na mwezi wa Aprili kampuni ya Total ikausimamisha mradi kwa zaidi ya miaka minne. Hapo fundi na kibarua walikosa pamoja, wala si kwa upungufu wa elimu. Lakini kijana asiye na ujuzi wala shamba ndiye aliyekuwa mwepesi kuitwa na wale wa msituni kwa ahadi ya fedha. Hili twalijua majumbani mwetu.

Kwa hiyo naliomba jambo moja. Madrasa yetu ifunguliwe baada ya Isha kwa darasa la Kireno, maana asiyekisoma hawezi kusoma hata tangazo la kazi. Na mafundi wetu wa majahazi walipwe na chama wafundishe useremala: kupima, kuranda, kuunga mbao. Milango na vitanda bado vyanunuliwa. Wazee hao hawataki sadaka, wataka wanafunzi. Nabii Daud, alayhi ssalaam, alikula kwa kazi ya mkono wake.

Wenye uwezo nawaomba mbao na misumari kabla ya mfungo.

Wabillahi ttaufiq.